Namba Nne Haimo Kwenye Ramani

Alhamisi, 14 Machi 2024

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo alasiri, na pamoja nayo ameingia mgeni aliyelowa chapa chapa. Ni msichana wa miaka ishirini na saba hivi, amejifunga mtandio, na kitu alichokikinga na mvua si kichwa chake bali kamera iliyofungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Nanjala alimpa taulo, kisha chai. Chai aliikataa kwa adabu, kwa sababu ni mwezi wa mfungo.

"Mvua yote hii na hata chai hanywi," Nanjala alisema jikoni, kwa sauti iliyofika sebuleni.

Nanjala ni binti wa marehemu dada yangu. Alipofiwa na mumewe huko Matete alikuja kunitunza, na kwa miaka sita amenitunza vizuri bila kuacha kunisema.

Msichana anaitwa Zeituni. Kazi yake ni kupiga picha mahali ambapo watu wameondoka. Alinionyesha ghala la pamba lenye popo, stesheni ya reli isiyo na paa, na boma moja la Mautuma ambalo wenyewe hawakurudi, limebaki mafiga matatu na mti wa waridi. Picha hazina mtu hata mmoja. Sasa anataka Machimbo ya Ilwanda, yale ya dhahabu yaliyoachwa na wazungu, kilomita tatu kutoka hapa kwangu. Atakuja kila Alhamisi msimu wote wa mvua, asimame mahali pale pale, saa ile ile, apige picha ile ile. Alikuja kwangu kwa sababu ramani anayoitumia ina jina langu chini: Mwl. P. Wanzala, 1986.

Nilimuuliza ni mtoto wa nani. Akasema wa Tariq, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Matungu.

"Tariq wa nani?"

"Wa Swaibu. Lakini babu alipotelea Uganda hata Baba hajazaliwa. Pengine ulimsikia."

Nilisema nilimsikia.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Miguu imevimba hadi magotini.

Jumamosi, 16 Machi

Daftari hili nililinunua Januari, siku daktari aliponiambia kwamba moyo wangu umechoka na nisipange mambo ya mbali. Nilitaka kuandika humu jambo ambalo sijamwambia Padre Protus, ambaye ni somo wangu kwa jina na huniletea Komunyo kila mwezi. Kwa miezi miwili nimeandika jina langu tu juu ya jalada. Huyu msichana amenipokonya nafasi ya kuchelewa.

Nianze na ramani. Niliichora pamoja na wanafunzi wangu, kwa dira na kamba ya kupimia. Ilitoka vizuri mno. Imebandikwa kwa chifu, iko shuleni, maafisa wa kaunti wanaitumia, na wachimbaji wadogo wanaiamini kuliko macho yao. Inaonyesha dohani, nyumba ya pampu, nyumba ya meneja, na mashimo matatu: Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu. Kwenye uwanda ulio kati ya dohani na nyumba ya pampu nimeandika "mkonge".

Hapajawahi kuwa na mkonge pale. Pale pana Namba Nne.

Niliifunika kwa mikono yangu mwaka 1973, kama mtu anavyoezeka nyumba: magogo ya mkaratusi, mabati makuukuu juu yake, kisha udongo, kisha nyasi. Niliifunika kwa sababu Swaibu yumo ndani. Na mtu yeyote wa huku anajua magogo ya mkaratusi huchukua miaka mingapi chini ya udongo wenye mchwa. Sijui ni nini kinachoushikilia ule uwanda hadi leo.

Alhamisi, 21 Machi

Zeituni amepita kunionyesha picha za leo. Amesimama kwenye ngazi za nyumba ya meneja. Nilishusha pumzi. Kisha akasema dohani haiingii yote, kwa hiyo wiki ijayo atarudi nyuma hadi pale kwenye nyasi, panaonekana tambarare.

Nilimwambia pale pana nyoka wengi.

Alhamisi, 28 Machi

Amerudi nyuma. Ameweka jiwe alilolipaka chokaa ili asipoteze alama yake. Nilimuuliza ni hatua ngapi kutoka kona ya nyumba ya pampu. Akacheka, akasema walimu wa jiografia hawaachi kazi hata wakistaafu. Hatua kumi na mbili.

Namba Nne iko hatua kumi na tano.

Nilimwambia mwanga wa asubuhi ni mzuri zaidi, na asubuhi mtu husimama upande wa juu, karibu na barabara. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kupika na mgeni.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua ya mawe. Alipiga picha akarudi salama. Nilisikia pikipiki yake ikipita saa kumi na moja, nikaweza kula.

Jumatano, 10 Aprili. Idd

Zeituni ameleta pilau na maandazi kutoka kwa bibi yake. "Bibi amesema, msalimie shemeji." Kijiko kilinianguka. Khadija, mke wa Swaibu, aliniita hivyo wakati ule, kwa sababu mimi na Swaibu tulikuwa kama watoto wa tumbo moja.

Nanjala, ambaye alishakula sahani mbili, alitaka kujua kama huko Matungu wanapikanga ingokho siku ya Idd au ni nyama tu. Zeituni akasema wanapika, ila kwa bibi yake kuku ana taabu zake. Imondo hampi mtu. Anaitoa chunguni, anaiweka kwenye bakuli, anaifunika na sahani. Jioni inaliwa na paka.

"Hata baba yako hampi?" Nanjala alishangaa.

"Baba ana miaka hamsini na hajawahi kuionja katika nyumba ile. Bibi anasema mwenyewe yuko safarini."

Nanjala alicheka, kisha akaacha. Kwetu hakuna asiyejua kwamba imondo, firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Mgeni hupewa paja, hupewa mgongo, lakini imondo hapewi ila kwa heshima isiyo ya kawaida.

Zeituni aliendelea kusimulia bila kujua anamsimulia nani. Majirani waliwahi kumshauri Khadija wazike mgomba, kama tunavyofanya sisi mtu akipotea na mwili usipatikane, ili awe na kaburi. Shehe akakataa, akasema katika dini yao hakuna kuzika mgomba. Shehe huyo huyo alimwambia kwamba baada ya miaka minne angeweza kukaa eda na kuolewa tena. Hapo alikataa yeye. Mirathi haijagawanywa hadi leo. Viatu vya Swaibu viko chini ya kitanda.

Sikula maandazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo alizipanga picha zake mezani kwangu, zile alizozisafisha mjini, moja baada ya moja kwa tarehe. Alitaka nione jinsi majani yanavyopanda dohani. Niliona kitu kingine. Hatua tatu mbele ya kamera, picha ya 28 Machi, nyasi ziko sawa. Tarehe 4, kuna kivuli. Tarehe 11, kivuli kimekuwa duara. Leo ni bakuli.

"Na maji hayatuami hapo," Zeituni alisema, akiweka kidole penyewe. "Kote kuna madimbwi, hapo hakuna. Si ajabu?"

Nilifundisha jambo hilo miaka thelathini na minne. Maji yasipotuama, yana pa kwenda.

Nikasema ni udongo wa kichanga.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua kutwa. Hakuja. Nilimshukuru Mungu kwa mafuriko, na watu wanafukuzwa nayo majumbani.

Alhamisi, 2 Mei

Bakuli limeongezeka. Nimeamka na mvua ikigonga bati, tatu, kisha kimya, tatu, kisha kimya. Najua mvua haina hesabu. Lakini niandike sasa, maana kesho huenda nisiweze.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu wa jiografia, na mfukoni nilikuwa na barua ya kuteuliwa mwalimu mkuu kuanzia muhula wa tatu. Swaibu alikuwa na duka dogo la nguo. Uchimbaji Ilwanda ulikuwa umepigwa marufuku baada ya vijana wawili kufa Namba Mbili. Ni mimi niliyemshawishi. Nilikuwa nimesoma miamba, nikamwambia mshipa wa dhahabu haukuisha, wazungu walichoka tu. Likizo ya Agosti tukaingia Namba Nne kwa siri. Yeye alikuwa mwembamba na mimi nilikuwa na mabega, kwa hiyo yeye alishuka na mimi nikavuta.

Sauti haikufika kutoka kule chini. Tulitumia bomba la chuma, lile la zamani la kupeleka hewa, lililoteremka hadi kwenye njia ya pembeni alikochimba. Tuligonga kwa nyundo. Moja: nimesikia, ngoja. Mbili: vuta ndoo. Tatu: hatari, nitoe.

Jumatano tarehe 15, kama saa tisa, ukuta wa shimo uliporomoka katikati. Vumbi lilitoka kama moshi. Nilivuta kamba, ikaja nyepesi. Nikasema amekwisha. Ndipo bomba likalia. Tatu. Kimya. Tatu.

Mita mia tatu kutoka pale, wanaume sita walikuwa wakichoma matofali. Walikuwa na majembe na sururu. Nilimsikia mmoja akicheka. Nilikwenda kuelekea kwao hadi kwenye mlusiola, ule mti wa mpakani, nikaushika, na pale mlusiolani nikaikumbuka barua. Nikamkumbuka chifu na pingu. Nikajiambia nitamtoa mwenyewe usiku kwa mikono, bila mtu kujua. Nikarudi shimoni, nikachukua nyundo, nikagonga moja.

Nimesikia. Ngoja.

Akaacha kugonga. Alitulia, kwa sababu aliniamini. Nilichimba hadi giza kwa jembe lenye mpini mfupi, nikapunguza labda kimo cha mtoto. Nikaenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi nilirudi. Alikuwa anagonga tatu, polepole. Nilikaa juu ya jiwe hadi adhuhuri. Kisha kukawa kimya.

Baadaye nilikwenda Matungu, nikamwambia Khadija kwamba Swaibu amepanda lori kwenda Uganda kutafuta vitenge. Miaka ile watu waliingia Uganda na hawakutoka. Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Muhula wa tatu nilikuwa mwalimu mkuu.

Jumapili, 5 Mei

Padre Protus alikuja. Niliungama hasira na uvivu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwambia Zeituni waziwazi asisimame pale. Akauliza kwa nini. Nikasema udongo. Akasema juzi ulikuwa wa kichanga, leo umekuwaje? Nanjala alinitazama kutoka mlangoni.

Baada ya mgeni kuondoka akasema, "Khotsa, huyu mtoto wa watu unamficha nini?" Khotsa ni mjomba. Nikamwambia aniletee dawa.

Alhamisi, 16 Mei

Zeituni ana furaha. Ameziona nyasi za pale kwenye bakuli zimeota kwa duara, za kijani kuliko nyingine zote, kama sahani iliyowekwa chini. Anasema hiyo ndiyo picha ya kumalizia kitabu chake. Wiki ijayo ataiacha ile alama ya jiwe, aingie katikati ya duara na kuielekeza kamera juu kwenye dohani.

"Usiingie," nilisema.

"Mwalimu, huyo nyoka amekuwa akiningoja tangu Machi. Wacha nikamwamkie."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Midomo ilifunguka. Nilimuona Khadija akiweka sahani juu ya bakuli, nikafunga midomo. Nina wiki moja.

Jumatatu, 20 Mei

Nimempigia mara mbili nikakata.

Jumatano, 22 Mei

Kesho asubuhi.

Ijumaa, 24 Mei

Nitaandika ya jana yote.

Nilimpigia tangu saa mbili asubuhi. Hapatikani. Mvua ilinyesha hadi saa saba, ikakatika, jua likatoka kali, na nilijua huo ndio mwanga anaoungoja. Saa nane nilimwambia Nanjala aniitie Kiptoo, mwenye pikipiki pale njia panda. Nanjala akasema mtu ambaye hafiki chooni bila kushikwa anakwenda wapi. Nikamwambia, "Nikifika utajua." Kuna kitu alikiona usoni kwangu, maana alienda mwenyewe mbio, na khanga mkononi.

Tulipanda watatu, mimi katikati kama gunia. Kiptoo alisema nikifia njiani asije akaulizwa yeye. Nanjala akamjibu aangalie matope.

Tulipofika alikuwa tayari ndani ya duara. Alikuwa ameinama kwenye stendi ya kamera, mgongo kwetu. Mimi nilikuwa sina pumzi ya kuita. Nanjala akaita. Zeituni akainua mkono bila kugeuka, akimaanisha tungoje, mwanga.

Nilitembea na fimbo yangu hadi kwenye jiwe la chokaa. Kutoka pale niliona mguu mmoja wa stendi ukizama, polepole, kama kijiko kwenye uji. Yeye alidhani ni tope. Aliukamata akauvuta.

"Zeituni," nilisema. "Lala chini. Lala kifudifudi, utambae uje kwangu."

Aligeuka akiwa anacheka. "Mwalimu, leo umekuja na nyoka wako kwa pikipiki?"

"Unaposimama ni Namba Nne. Ni shimo. Mimi ndiye niliyelifunika, na babu yako yumo ndani."

Kicheko kilimbaki usoni kwa muda, kimesahauliwa pale. Alinitazama, akatazama nyasi, akanitazama tena. Nilidhani hataniamini. Kisha alilala chini kama nilivyosema.

Kiptoo alishafungua kamba ya mpira anayofungia mizigo. Aliirusha, Zeituni akaizungusha mkononi. Tulivuta wote watatu. Nanjala anasema mimi sikuwa na nguvu ya kuvuta hata mbuzi, nilikuwa nimeishika tu. Lakini nilivuta. Safari hii nilivuta. Alipofika kwenye jiwe, duara lilishuka nyuma yake bila kelele kubwa, stendi ikaenda, kamera ikaenda, mabati yenye kutu yakasimama wima kisha yakafuata. Tulingoja. Baada ya muda mrefu tukasikia maji.

Zeituni alikaa kwenye matope akiwa amekumbatia magoti. Nilimweleza kuhusu dhahabu, ukuta, na Uganda niliyoizua. Hakulia.

"Aliteseka?" aliuliza.

Nanjala alikuwa ananitazama. Kiptoo alikuwa anakunja kamba yake.

"Hapana," nilisema. "Papo hapo."

Jumatatu, 27 Mei

Polisi wamekuja. Afisa aliandika maelezo yangu, akatazama miguu yangu, akasema nisitoke nje ya kaunti. Nanjala alimuuliza kama kitandani ni ndani ya kaunti.

Tangu afisa aondoke hajanisemesha. Chakula analeta, dawa analeta.

Jumamosi, 1 Juni

Watu wanapita kunipa pole. Mimi. Wanasema ilikuwa ajali, nilikuwa kijana, nilishikwa na woga, na angalau nimesema kabla sijafa. Padre Protus amesema Mungu huona moyo. Ninalala vibaya kuliko wakati wowote.

Alhamisi, 6 Juni

Tariq ameleta wachimbaji na mashine ya kuvuta maji. Jana walimpata. Kiptoo ndiye aliyekuja kutueleza. Hakuwa chini ya mawe. Alikuwa kwenye njia ya pembeni, amekaa, mgongo ukutani, nyundo kando yake.

Jumapili, 9 Juni

Khadija amekuja.

Sikuwa nimemwona uso kwa uso kwa miaka mingi. Tulipokutana sokoni Mumias nilivuka barabara. Ana miaka sabini na nne, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na anatembea bila fimbo. Zeituni alimleta hadi mlangoni, akabaki nje kwenye pikipiki. Nanjala alileta chai. Khadija aliipokea, akaiweka chini, hakuinywa.

"Shemeji," alisema.

Nilimwambia karibu.

"Bomba limebonyea. Tariq amenionyesha. Limebonyea mahali pamoja, kama chuma cha mhunzi. Mtu aliyekufa papo hapo hagongi hivyo."

Nikamwambia. Jumatano, matofali, mlusiola, barua. Nikamwambia niligonga moja. Alijua maana yake. Swaibu alikuwa amemweleza kwa kugonga meza. Alifumba macho, vidole vikiendelea na tasbihi.

"Alhamisi ulikuja kwangu," alisema. "Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri."

"Ndiyo."

"Nilikupikia ingokho."

"Ndiyo."

"Na nikakupa imondo, kwa sababu wewe ndiye uliyeniletea habari zake. Nilijua naye angefurahi ukila wewe. Tangu siku hiyo sijampa mwanamume mwingine." Alifumbua macho. "Sasa niambie. Ulipokuwa unatafuna, alikuwa hai?"

Daftari hili lilikuwa juu ya meza kati yetu. Ndani yake nimeandika kwamba adhuhuri kukawa kimya. Nimeandika uongo hata humu, ambapo hakuna anayesoma ila mimi. Sikukaa pale hadi kukawa kimya. Niliondoka kwa sababu hakukuwa kimya. Nilikimbia mlio ule kwa baiskeli hadi Matungu, nikanawa mikono, nikala, nikasifu mchuzi.

"Nilipoondoka Ilwanda alikuwa bado anagonga," nilisema. "Nilirudi Ijumaa asubuhi. Hapo ndipo kulipokuwa kimya. Katikati sijui."

Tasbihi ilisimama.

Hakupiga kelele, hakunilaani. Alikaa hadi chai ikaota ngozi juu. Nanjala alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Kisha Khadija aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei:

"Ulikula zote mbili. Nilichinja wawili siku hiyo, nikakupa imondo zote mbili, na ukazila."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite hivyo."

Jumatatu, 10 Juni

Nilimwambia Nanjala asome daftari hili lote, na asome pia pale nilipojidanganya. Alimaliza jioni. Alirudi kunisugua miguu kwa mafuta, kwa nguvu kuliko kawaida, akasema, "Khotsa, mimi nitakuzika. Lakini usiniombe nikulilie." Nikasema sawa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeomba karatasi kubwa na rula. Ninaichora ramani upya. Mistari inapinda. Pale palipokuwa na "mkonge" nimepima hatua kumi na tano kutoka kona ya nyumba ya pampu, nikachora duara, nikaandika Namba Nne, na chini yake Swaibu, 1973. Tarehe nimeacha wazi. Mtu mwenye haki ya kuandika Jumatano, Alhamisi au Ijumaa si mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Wamemzika leo Matungu baada ya sala. Sikualikwa, na sikutegemea.

Jumapili, 16 Juni

Zeituni amekuja kuchukua ramani. Hakuingia. Alisimama kizingitini na kamera mpya, ndogo, ya kuazima. Ramani hii itapelekwa kwa chifu, shuleni na kaunti, na ile ya zamani ataikusanya yeye mwenyewe na kuichoma.

Alisoma pale kwenye duara.

"Mwalimu, hapa umeacha nafasi."

Nikamwambia sijui cha kuandika. Nikamuuliza kaburini wameandika nini.

"Baba alitaka waandike mwaka tu. Bibi akakataa. Amesema iandikwe Ijumaa, tarehe kumi na saba Agosti." Alinitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ile. "Kwetu ni siku njema ya kufa. Amesema kama alingoja siku zote hizo, basi na aipate Ijumaa yake."

Nilichukua kalamu. Nanjala alinishikia karatasi isiteleze. Nikaandika Ijumaa, 17 Agosti, na mkono wangu ulipofika kwenye namba saba Zeituni alikuwa ameinua kamera.

Nilimuuliza tangu lini anapiga picha mahali penye mtu.

Alipiga mara moja, akaikunja ramani, akaifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Alipofika kwenye pikipiki aligeuka, akasema jambo ambalo nadhani bibi yake hakumtuma kulisema.

"Jana Bibi alipika kuku. Imondo alimpa Baba. Baba alishindwa kuimeza, akaitafuna mpaka sote tukamaliza kula."